Gauni Lililokua

Ukitaka dada yangu Albertine akufukuze nyumbani kwake, sema mbele yake kwamba jambo fulani uliliona kwa macho yako mwenyewe. Atakujibu, "Macho? Macho njo yenye kutuharibu," yaani macho ndiyo yanayotuharibu, halafu atarudi kwenye mashine yake ya kushona na hutapata neno lingine. Mimi ni Suzanne, mdogo wake. Nauza makala, mkaa wa kupikia, soko la Kikula na mdomo wangu hauna mlango, kila mtu Likasi anajua. Kwa hiyo habari zake nazisimulia mimi. Mkimngojea yeye mtaota mvi.

Tulizaliwa Shituru, kwenye nyumba za kampuni, zile zenye ukuta mmoja kwa familia mbili, kiasi kwamba jirani akipiga chafya unasema asante kwa niaba yake. Baba alikuwa kiwandani. Albertine alipokuwa msichana alipelekwa misheni ya Mulungwishi, akarudi anajua kushona na kuomba, na tangu siku hiyo hajaacha hata kimoja. Aliolewa na Barthélemy, naye wa kiwandani, mtu mwema, hana makeke. Ilipofika miaka ya tisini mshahara ukawa hadithi. Leo wanasema wiki ijayo, wiki ijayo wanasema Mungu yupo. Barthélemy akachukua jembe, akaenda kulima mahindi upande wa Buluo, na mashine ya mke wake ndiyo ikalisha nyumba.

Sasa sikilizeni namna alivyokuwa anashona, maana habari yote imelala hapo. Miaka ile kitambaa kilikuwa adimu kama chumvi ya msibani. Mama akimletea Albertine kitenge cha kumshonea mtoto wa kike, Albertine hakukata kipande cha ziada akakitupa. Alikikunja ndani ya mishono, ubavuni, kwapani na chini kwenye pindo, upana wa vidole viwili vitatu. Mtoto akikua, mama anarudi na gauni lilelile, Albertine anafumua, anatoa akiba, anashona tena. Gauni moja lilimvusha mtoto miaka. "Mutoto anakomala, nguo haikomale," alikuwa akisema, "basi minye naisaidia." Kwetu minye ni mimi, na kukomala ni kukua.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Élisabeth, Mkasai, mwenye asili ya mkoa wa Kasai, mjane, na binti yake mmoja tu, Mélanie. Mama mtu tulimwita Elisa. Yeye na Albertine walikuwa wanagawana kila kitu, mboga, moto, hata hasira. Mélanie na Germaine, binti wa Albertine, walikua kama vidole vya mkono mmoja, ingawa Mélanie alikuwa mfupi na mwembamba. Alikuwa na dansi yake mwenyewe yule mtoto: anakokota mguu wa kushoto kidogo, kama umelala, halafu anageuka ghafla na mkono nyuma ya shingo. Mara ya kwanza kuiona nilicheka hadi nikamwaga makala.

Alipofika umri wa kipaimara, Élisabeth hakuwa na kitambaa. Bahati nzuri ile cercle, klabu ya wakubwa wa kampuni, ilikuwa inauza vitu vyake, viti, sahani, mpaka mapazia. Akapata pazia moja, la kijani, lenye ndege weupe wakubwa. Mimi nikasema, jamani, mtoto aende mbele ya askofu amevaa dirisha? Albertine akalichukua, akalikunjua mezani. Alishona gauni ambalo hadi leo sijaona la pili, lenye mabega yaliyojaa na kiuno kilichokaa, na ndege wawili wamepangwa kifuani wanatazamana. Watu walisimama barabarani kumtazama yule mtoto. Hapakuwa na gauni kama lile mji mzima, wala nchi nzima, maana pazia lilikuwa moja.

Halafu ukaja mwaka tisini na mbili, Likasi ikaingiwa na shetani. Wakubwa walisema maneno yao redioni, vijana wakayaleta mitaani na fimbo. Wakasai waende kwao. Kwao wapi? Élisabeth alizaliwa hapa hapa, kwao alikujua kwa jina tu. Watu tuliokula nao wakaanza kuitwa bilulu, wadudu. Sitasema zaidi, nikianza nitamtaja mtu, na bado tunakutana sokoni.

Wakasai wakahamia gare, kituo cha treni, maelfu ya watu, wakilala kwenye quai, jukwaa la abiria, na chini ya mabehewa wakingojea treni isiyokuja. Kabla hajatoka nyumbani Élisabeth alileta sanduku kwa Albertine. Mélanie alitaka kuvaa gauni lake la ndege kwa safari. Mama yake akakataa: "Itaharibika mu treni. Iache kwa mama Albertine, utaikuta." Wakaliweka ndani, wakafunga. "Chunga," Élisabeth akasema. Albertine akajibu, "Nitachunga," na huyu dada yangu akisema kitu ni kama amekipigilia msumari.

Kila siku tulipeleka bukari na sombe, ugali na kisamvu, kule gare, tumefunika kwa kitambaa ili wale vijana wasituone. Watoto walikuwa wanakufa kwa kuhara. Katikati ya moshi na kilio, Mélanie alikuwa anawachezea wadogo dansi yake kwenye quai, na Germaine naye yuko pembeni anaiga, anakosea, wanacheka. Wallahi walikuwa wanacheka. Siku treni ilipokuja, tuliambiwa baadaye, sisi hatukuwepo.

Habari ililetwa na mtu wa reli. Njiani, mbali sana, treni ilisimama porini. Mélanie alishuka na kidumu kutafuta maji. Treni ikaondoka bila kupiga honi. Élisabeth alikuwa anashikwa na watu asijirushe. Mtoto hakuonekana tena, akiwa hai au maiti, wala kidumu chake hakikuonekana.

Tangu hapo lile sanduku likawa mtu. Albertine aliliweka chini ya kitanda. Kila Jumamosi alilivuta, akalipangusa vumbi, akasema, "Yambo, Elisa," akalirudisha. Barthélemy aliniambia, "Shemeji, niko nalala juu ya watu." Nyumba ya pili waliingia wengine, walioipata kwa njia wanazozijua wao, na wakipika usiku au mchana Albertine hakuomba kwao hata kaa la moto.

Mwaka tisini na tano Germaine alikuwa anamaliza shule. Profesa wao wa Kifaransa akawagawa makundi: kila kundi lilete kazi inayoonyesha mji wetu, itatazamwa siku ya proclamation, mbele ya wazazi, matokeo yakisomwa. Wengine wakachora ramani ya migodi ya shaba. Kundi la Germaine lilikuwa na Arsène, kijana mwenye sauti tamu na kichwa kigumu, na Arsène akasema wao watatengeneza clip. Clip! Kama wale wanamuziki wa Kinshasa wenye viatu vinavyong'aa. Wimbo alitunga mwenyewe, wa mapenzi, bila shaka, wana wimbo gani mwingine? Kamera ilikuwa ya mjomba wake, Eugène, aliyekuwa anapiga harusi zote za Likasi, na wakati ule anapiga zaidi vilio vya misiba, maana ndivyo vilivyokuwepo.

Eugène akachagua gare. Alisema quai ni ndefu na haina miti, jua linaingia vizuri. Ile quai bado ilikuwa na madoa meusi ya mafiga ya wale watu, lakini Eugène alikuwa anaangalia jua tu. Arsène ataimba, Germaine atacheza. Avae nini? Nguo zake zote zilikuwa zimefubaa hadi huwezi kujua zilikuwa rangi gani. Mtoto akawaza siku mbili tatu. Mama yake alipokwenda maombi, akavuta sanduku.

Gauni halikumwingia. Alikuwa mrefu kuliko Mélanie, na miaka ilikuwa imepita. Lakini ni binti wa fundi yule. Akaligeuza ndani, akafumua mishono ya mama yake, akatoa akiba yote, akashona tena, na gauni likamkaa kana kwamba lilizaliwa naye.

Wakapiga clip alasiri. Eugène, mtu wa harusi, hajazoea kuhangaikia uso. Kwenye harusi bibi harusi hata akitoka mweusi kama makala yangu kila mtu anajua ni nani. Akaweka jua nyuma ya Germaine. Uso wote ukazama gizani, likabaki gauni na ndege wake wakiwaka pembeni kwa jua. Na Arsène alipofika kwenye kiitikio, Germaine akakokota mguu wa kushoto, akageuka ghafla na mkono nyuma ya shingo. Aliniambia baadaye hakuipanga. Alisikia quai chini ya miguu, mwili ukafanya wenyewe.

Siku ya proclamation nilikaa karibu na Albertine, tumevaa vitenge vyetu vya kanisani. Groupe, jenereta ya shule, ilikuwa inanguruma nje, televisheni imewekwa juu ya meza tatu. Ramani za shaba zikapita, tukapiga makofi ya adabu. Ikaja clip. Arsène akaimba, wasichana wakapiga vigelegele. Halafu yule akatokea. Kijani, ndege weupe, bila uso, kwenye quai. Akakokota mguu.

Dada yangu akasimama. Mtu asiyepaza sauti hata akichomwa na pasi, akapiga ukelele ukumbi mzima ukageuka: "Mélanie!"

Na mimi, nawaambieni, nilikuwa namwona. Mstari wetu wote ulikuwa unamwona. Mama mmoja akaanza kusali kwa nguvu. Clip ikaendelea, msichana anageuka, anageuka, na Albertine amenyoosha mikono kama mtu anayetaka kumpokea mtoto anayeshuka kwenye gari. Mpaka Germaine mwenyewe alipokuja mbio katikati ya viti, akisema, "Mama, njo minye. Mama, ni minye."

Nyumbani sikuingilia.  Albertine hakumpiga. Alimwuliza tu, "Kile kitu kilikuwa cha nani?" Germaine akasema, "Cha wenyewe." "Na wenyewe watakikuta namna gani?" Mtoto akalia hadi akatapika. Albertine akalifua gauni, akalipiga pasi. Nikamwambia, basi rudisha mishono, liwe kama walivyoliacha. Akashika mkasi, akauweka chini. "Siwezi, Suzanne. Nikibana, ni kusema hatakomala tena." Akalikunja lilivyo, akalirudisha sandukuni.

Aliagiza kaseti ivunjwe. Eugène akaapa ataivunja. Lakini wimbo wa Arsène ulikuwa mtamu, na kaseti zilikwisha kunakiliwa. Wachuuzi wakazibeba kwenye treni pamoja na unga na samaki wakavu, zikaenda kuonyeshwa kwenye vibanda vya video huko mbele, kwa makuta, pesa kidogo tu. Arsène alivimba kichwa, alikuwa anatembea kama amevaa miwani ya jua hata siku za mvua.

Mwaka uliofuata, asubuhi, mvua zikiwa zimeanza, nilikuwa kwa Albertine nanywa chai isiyo na sukari. Mlangoni akasimama mwanamke aliyekonda, kilemba kimelowa, na kifurushi amekikumbatia. Nikadhani muuzaji, nikataka kumfukuza. Albertine akaachia mashine.

"Elisa."

Wakakumbatiana mlangoni, wakizungukazunguka kama watu wanaocheza. Nikafunga mlango, maana miaka ile Mkasai kurudi Likasi ilikuwa bado kuingiza mkono kwenye shimo la nyoka, na majirani wa ukuta wapo. Nikataka kumwuliza amepitaje, nani alimsindikiza. Hakutupa nafasi. Alikuwa anacheka. Alikuwa anang'aa yule mwanamke, na mimi sijaona uso wa furaha kama ule kabla wala baada.

"Albertine, mutoto eko wapi? Kama eko analala musimwamushe. Nitangoya."

Albertine akamvutia kiti.

"Nilimuona," akasema. "Kule Kasai, Mbuji-Mayi, mu video. Familia ilikuwa inataka tufunge kilio. Banasema miaka imepita, unyoe nywele, tugawe nguo zake, biishe. Nikawaambia nguo zake njo ziko Likasi, nitagawa nini? Kisha mutoto wa dada yangu akaniita, kuya uangalie. Nikamuona pa quai anacheza. Uso hauonekane muzuri, lakini minye niko mama yake! Robe ya ndege. Muguu wake. Nikasema, ee, alirudi. Treni ilimuacha, akafuata njia ya reli na miguu, akarudi kwa mama Albertine."

"Elisa," Albertine akasema.

"Ngoya nimalize. Banasema niko na wazimu, kwamba ni mutoto mwingine alivaa robe. Nikawaambia, angalieni! Eko mukubwa sasa na robe inamukaa. Ile robe ilikuwa na kitambaa mu mishono, Albertine alikiacha. Kama inamukaa, ni Albertine njo alimufungulia. Nani mwingine angejua?" Akafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na viatu vyekundu, vipya, vya msichana mkubwa. "Sikujua muguu wake unafika wapi sasa. Nilikisia."

Nyie mnaojua kusema, mngesema nini? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi na mdomo wangu huu wote nikashika kikombe kitupu. Albertine ndiye aliyesema. Alimshika mikono yote miwili, na viatu katikati yao.

"Elisa, ile haikuwa Mélanie. Ilikuwa Germaine. Alifungua sanduku, akafumua robe yeye mwenyewe. Mélanie hakurudi."

Élisabeth akaendelea kutabasamu. "Hapana. Germaine hajui kukokota muguu vile. Ile ni ya Mélanie peke yake."

Germaine alikuwa amesimama mlango wa nyuma na ndoo ya maji. Sijui alikuwa amesikia tangu wapi. Aliweka ndoo chini.  Akaja hadi katikati ya chumba, miguu mitupu, akakokota mguu wa kushoto, akageuka, mkono nyuma ya shingo. Mara moja tu. Bila wimbo. Nilisikia nyayo zake zikisuguana na sementi.

Élisabeth alitazama ule mguu.

"Nani alikufundisha?"

"Ni yeye, mama. Pa quai. Tulipokuwa tunangoya treni."

"Mamu wanyi," akasema Élisabeth, yaani mama yangu, kwa lugha ya wazazi wake, kwa sauti ndogo, akakaa chini kwenye sementi. "Mamu wanyi, mamu wanyi." Hakulia. Mimi nililia, Germaine alilia, Albertine akapiga magoti akamshika, na yeye katikati yetu mkavu, macho kwenye mguu.

Kisha akaomba gauni. Albertine akavuta sanduku, akasema "Yambo, Elisa" kwa mazoea, akajishika mdomo. Élisabeth akalinusa. Likanuka sabuni tu. Akaligeuza ndani, akapitisha kidole ubavuni. Kitambaa kilichotoka mishononi kilikuwa bado kijani kibichi, hakijaona jua, na kando yake mstari wa vitundu vya sindano ya zamani ulionekana wote, kuanzia kwapani hadi kiunoni. Akaufuata taratibu, huku na huku, kama mtu anayempima mtoto.

"Aliishia hapa," akasema.

Albertine akaitikia kwa kichwa.

"Yote hii ya nje si yake." Akamnyooshea gauni. "Irudishe, Albertine. Irudishe vile alivyokuwa. Nitaipeleka, tufunge kilio."

Nikaona mikono ya dada yangu inakataa. Miaka ishirini ya kufungulia watoto nguo, hakuna aliyewahi kumwomba kinyume chake. Lakini akakaa kwenye mashine, akatia uzi mweupe kwa kuwa wa kijani haukuwepo, na Germaine akashika kitambaa upande wa pili. Akafumua alichoshona binti yake. Akakunja ile akiba, vidole viwili, vidole vitatu, akashona juu ya vitundu vilevile. Barthélemy alirudi kutoka shambani, akapiga hodi, akaona, akavua kofia, akakaa nje kwenye mvua. Mashine ilipofika mwisho Albertine alikata uzi kwa meno. Gauni lilikuwa dogo kuliko nilivyokumbuka. Tulikuwa tumesahau Mélanie alikuwa mdogo kiasi gani.

Élisabeth akalikunja, akaliweka kifuani ndani ya kitenge, pale abebapo mama mtoto mchanga anayenyonya. Sanduku na vingine vyote akamwachia Albertine. Viatu vyekundu akampa Germaine. Germaine akarudi nyuma, "Hapana, mama, minye siwezi."

"Vaa," akamwambia. "Weye ulisha kukomala."

Tulimsindikiza gare mchana, sisi watatu tumemzunguka ili uso wake usionekane sana. Viatu vilimbana Germaine. Alikuwa anachechemea kutoka Shituru hadi quai, na kisigino kilitoka damu, nikamwambia vua mwanangu, beba mkononi. Hakunisikia. Hakuvivua mpaka treni ilipoondoka.